Mashua Tatu za Bwawa la Simel

Klabu ile ilikuwa na sharti moja tu lenye uzito, na sharti hilo halikuandikwa popote. Kila Januari, upepo wa mashariki unapovuma kwa nguvu juu ya tambarare kati ya Kitengela na Isinya, ilikuwa lazima mashua tatu zisimame kwenye mstari, filimbi ilie, zishindane. Zikiwa tatu, bwawa lilikuwa la klabu kwa mwaka mwingine. Zikipungua, bwawa lilirudi kwa mwenyewe, Mzee Simel, na kwa ng'ombe wake.

Januari ya mwaka 2004, Wangila alikuwa na mashua moja.

Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti, na alikuwa mwenyekiti kwa miaka mitano mfululizo kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kuchaguliwa. Kwao ni Bungoma. Maji makubwa aliyoyajua utotoni ni ya mto ambao mtu alivuka akiwa ameshika viatu mkononi. Alikuja Athi River kufanya kazi katika maabara ya kiwanda cha saruji, akapanga nyumba Kitengela wakati Kitengela ilipokuwa bado kituo cha mafuta na maduka machache yaliyotazamana na barabara, na asingejua mashua ni nini kama asingekuwa mnene.

Mwaka wa 1991, mhandisi mmoja Mdenmaki pale kiwandani alimkuta akipanda ngazi, akamsimamisha, akamuuliza ana kilo ngapi. Wangila alidhani ni mambo ya bima. Jumapili iliyofuata alijikuta ameketi juu ya katamarani katikati ya bwawa, amevaa jaketi la kuelea lililokataa kufungwa tumboni.

Katamarani ni mitumbwi miwili myembamba iliyounganishwa kwa vyuma, na kati yake kumetandazwa kitambaa kigumu cha kukalia. Haina injini wala makasia. Ina mlingoti mrefu na tanga, basi. Upepo ukilipiga tanga, mtumbwi mmoja huinuka kutoka majini, na asipokuwepo mtu mzito wa kuegemea nje upande ule ulioinuka, chombo chote hupinduka. Mhandisi alikuwa mwembamba kama fimbo ya kuchungia. Alihitaji uzito, na Wangila alikuwa nao.

Jioni ile Wangila alijaribu kumweleza mkewe, Jentrix, alichokiona.

"Ni kama ulipokuwa mtoto," alisema, "halafu mtu mkubwa anakuja nyuma yako, anakushika kwapani, anakuinua bila kukuambia."

"Ulilia?" Jentrix akauliza.

Hakulia. Alirudi Jumapili iliyofuata, na nyingine, na mhandisi alipomaliza mkataba wake na kurudi kwao, Wangila alibaki na ile mashua.

Hiyo ilikuwa miaka ya neema. Katikati ya miaka ya tisini mtu akisimama juu ya ukuta wa bwawa siku ya mbio aliona matanga mekundu, ya manjano na ya buluu yakizunguka kama nguo zilizoanikwa siku ya upepo. Watu walikuja na magari kutoka Nairobi, wakaja marubani, mameneja wa benki, wahandisi, na wake zao waliovaa miwani ya jua. Nyama ilichomwa. Wachungaji wa pale waliziita zile mashua mapacha, na walibishana ni pacha gani atashinda. Mzee Simel aliwekewa kiti cha mbele, chini ya mwavuli.

Bwawa lilikuwa lake. Lilichimbwa zamani na mlowezi mmoja wa ng'ombe, na ranchi ilipogawanywa likaangukia kwenye kipande cha Simel. Mhandisi na wenzake walipokwenda kumwomba ruhusa, Simel alisikiliza, akanywa chai yao, akakubali. Yeye ndiye aliyetaja mashua tatu. Alisema zikiwa mbili atadhani watu wanagombana tu, na hataki watu wagombane kwenye maji yake. Klabu ilizungushia ukingo waya ili kwato zisivuruge matope mahali mashua zinapoingilia. Ng'ombe wangekunywa upande wa pili, chini ya ukuta, kwenye birika la saruji lililopata maji kwa bomba kutoka bwawani. Mambo yakaisha hapo, bila karatasi. Simel alikuwa ametoa neno lake.

Hakuna siku ambayo mtu angeweza kuionyesha kwa kidole na kusema hapa ndipo klabu ilipoanza kufa. Wageni walimaliza mikataba yao na hawakufuatwa na wageni wengine. Mameneja waligundua kwamba mambo ya vyeo yanazungumzwa kwenye golf, wakanunua fimbo za golf. Baadaye baa za Kitengela zikafunga sahani za setilaiti juu ya paa, na Jumapili alasiri ikawa ya mpira wa Uingereza. Aliyebaki bila golf na bila mpira alikuwa na ploti ya kwenda kuonyeshwa, maana wakati huo kila Jumapili kulikuwa na mtu Kitengela anayemwonyesha mwenzake ploti. Vijana waliletwa na baba zao, wakatazama mashua, wakauliza injini iko wapi. Tanga likipasuka halikupatikana jingine. Mvua kubwa za mwisho wa miaka ya tisini zilijaza bwawa mpaka ukingoni, likapendeza kuliko wakati mwingine wowote, na hapakuwa na watu wa kulifurahia.

Mwaka wa 2001 kiwanda kilipunguza wafanyakazi, na Wangila akapunguzwa. Tangu hapo hakuna mtu aliyemwita kwa cheo chochote isipokuwa kile kimoja. Sokoni, kanisani, kwa kinyozi, alikuwa Mwenyekiti. Wengi waliomwita hivyo hawakujua ni mwenyekiti wa nini.

Basi mwaka huo wa 2004 alianza kutafuta mashua mapema. Alikwenda kwanza kwa Opiyo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale pale Kitengela. Mashua ya Opiyo ilikuwa nyuma ya nyumba. Nguo za watoto zilianikwa kwenye waya za mlingoti.

"Mwenyekiti," Opiyo alisema bila kuinuka kwenye kiti. "Umekuja kuomba kura?"

"Nimekuja kuona mashua."

"Ile pale. Imepata kazi. Kuku wanatagia ndani ya ule mtumbwi wa kushoto. Wa kulia hawautaki, sijui kwa nini."

"Jumapili ya tatu tuko na mbio."

"Nyinyi na nani?"

"Mimi, wewe na Maundu."

Opiyo alicheka mpaka akashika kifua. "Wangila, ndugu yangu. Kila mtu hapa akisikia Opiyo anadhani nilizaliwa ndani ya ziwa. Mimi nilizaliwa Ugenya, kwa mahindi. Kuogelea sijui mpaka leo. Hiyo klabu niliingia kwa sababu boss wangu alikuwa huko. Boss akaenda golf, nikaenda golf. Golf ikanishinda, nikarudi kwangu. Sasa unanitafutia nini?"

"Mwaka jana ulikuja."

"Mwaka jana ulinidanganya upepo utakuwa kidogo."

"Tusipofika tatu, mzee atachukua bwawa."

"Si lake?"

Wangila aligeuka. Alizunguka mashua, akabonyeza mtumbwi hapa na pale kama mtu anayenunua ng'ombe. Kuku mmoja alimtazama kutoka ndani.

"Maundu anasema mwaka jana ulimaliza wa mwisho kwa sababu ya tumbo," alisema hatimaye.

"Maundu alisema hivyo?"

"Ndivyo alivyosema."

Maundu hakuwa amesema kitu. Opiyo alitazama tumbo lake, akatazama mashua.

"Wacha kuku wamalize kutaga," alisema. "Jumapili ya tatu nitakuja. Nitakuja peke yangu, bila mtu wa uzito, na huyo Mkamba ataona tumbo."

Kwa Maundu ilibidi asafiri mpaka Kajiado mjini. Maundu alikuwa akikodisha mahema na viti vya harusi na mazishi, na Wangila alimkuta kwenye uwanja wa kanisa akisimamisha hema la harusi. Ukuta mmoja wa hema ulikuwa mwekundu kwa manjano, na katikati yake kulikuwa na namba kubwa nyeusi.

"Hilo ni tanga," Wangila alisema.

"Ni tanga. Limeona maharusi kuliko pasta."

"Na hiyo namba, watu wakiuliza?"

"Nawaambia ni namba ya meza ya wazee. Wazee wanafurahi kuwa na namba." Maundu alikaza kamba, akajifuta mikono kwenye suruali. "Najua umekuja na nini, Mwenyekiti. Tanga utalipata, Jumapili hiyo sina harusi. Mashua iko. Lakini sina mtu wa kukaa na mimi. Nitazame. Upepo wa Januari utanibeba mpaka Namanga."

"Nitakutafutia mtu."

"Mtafute mnene. Na asiwe mtu wa kupiga kelele."

Akirudi, Wangila alishuka Isinya, akatembea mpaka kwa Mzee Simel. Ndivyo alivyofanya kila mwaka, kwa heshima, kumpa habari kabla ya mbio. Mwaka uliopita mvua za vuli hazikufika, na njia nzima vumbi lilikuwa jepesi kama unga wa sima. Alimkuta mzee ameketi kwenye kivuli cha nyumba, blanketi begani. Mwanawe Kakuta alikuwepo, aliyefanya kazi ya ukarani Kajiado na kurudi nyumbani mwisho wa wiki. Kakuta alikuwa mrefu na mpana, kijana wa meza na kiti.

"Sopa, papai," Wangila alimsalimu kwa Kimaasai, akimwita baba.

"Epa," mzee akaitika. Waliulizana habari za watoto, za afya, za jua. Kisha Simel akauliza alichouliza kila Januari. "Mashua zimefika?"

"Tatu, papai. Ila moja inakosa mtu. Upepo utaiangusha."

Simel aliinama mbele. Alichora kitu kwa ncha ya fimbo mchangani, akakifuta kwa kiatu. Halafu akamwambia Kakuta maneno machache ya Kimaasai. Kakuta alijibu. Mzee hakurudia.

"Nitakuja," Kakuta alimwambia Wangila. Hakuonekana kama mtu aliyepewa zawadi. "Mzee amesema nije."

Nyumbani Wangila alikuwa na furaha iliyomfanya aongee wakati wa chakula. Alisema sasa watu wa klabu wote wameiacha, waliosoma na waliosafiri, lakini yule mzee wa ng'ombe bado anaipenda, mpaka ametoa mtoto wake mwenyewe.

"Anapenda nini hasa?" Jentrix akauliza.

"Mashua."

"Huwa anaziangalia?"

Wangila alitaka kusema ndiyo. Alijaribu kumkumbuka mzee kwenye kiti chake siku za mbio. Aliukumbuka mwavuli. Aliikumbuka fimbo. Uso ulikuwa umeelekea wapi, hilo hakulikumbuka.

"Anaziangalia," alisema.

Jumapili ya tatu upepo uliamka mapema. Jentrix alikwenda ibada ya kwanza, akarudi, akabadilisha viatu tu. Kwa miaka mitatu sasa yeye ndiye aliyekuwa uzito wa mumewe, maana Wangila mwenyewe alihamia kwenye usukani, na hakuwahi kusema kama aliipenda kazi hiyo.

Bwawa lilikuwa limeshuka sana. Kati ya ukingo na maji palikuwa na mkanda mpana wa matope makavu, yaliyopasuka kama sufuria ya ugali iliyosahauliwa jikoni. Waliziburuta mashua juu yake, wakizishika wawili wawili. Opiyo alitazama maji, akasema mwaka huu hata mbuzi angevuka bila kulowa kitovu.

"Ndio uzuri wa katamarani," Wangila alisema. "Mashua nyingine ingelala kwenye matope. Hii inapita kwenye maji ya magotini. Bwawa likishuka namna gani, sisi tunaendelea." Aliwaonyesha njia ya mbio kwa mkono. "Tunaanzia hapa, tunakwenda mpaka karibu na ukuta. Mtageukia kwenye lile bomba. Mwaka huu linaonekana vizuri."

Kakuta alifika amevaa koti la suti, akavaa jaketi la kuelea juu yake. Maundu alimzunguka mara moja, akaridhika na upana wake.

"Hii kitu ikipinduka nashika nini?" Kakuta akauliza.

"Unashika Maundu," alisema Opiyo.

"Na Maundu anashika nini?"

"Maundu anashika wewe."

"Na wewe?"

"Mimi nashika kikombe cha ushindi."

Mzee Simel alikuja kwa mguu, polepole, na nyuma yake alikuja mke wa Kakuta, Ruth, akiwa na kiti cha plastiki kichwani na birika la chai mkononi. Ruth alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kwa sababu hiyo ndiye aliyepewa filimbi. Mwavuli haukuwepo tena. Mzee aliketi juani.

Wangila alipanda ukuta wa bwawa kusimika bendera ya mwisho wa njia. Ilikuwa kazi ya watu wengine miaka yote, na sasa watu wengine hawakuwepo. Alichomeka mti kwenye mawe, akanyoosha mgongo, na kwa kuwa alikuwa ameshafika juu akatazama upande wa pili, mahali ambapo hakuwa ametazama kwa miaka mingi. Klabu haikuwa na shughuli upande ule.

Birika la saruji lilikuwa chini pale, refu kama gari la moshi la watoto. Lilikuwa limekauka. Ndani mlikuwa na vumbi, vijiti na ngozi ya nyoka. Kulizunguka hapakuwa na kwato mbichi wala samadi ya jana. Samadi iliyokuwepo ilikuwa ya zamani, nyeupe, ya kuvunjika mkononi.

Aligeuka. Upande wa maji, bomba lililolisha birika lilitokeza kwenye ukuta, lile alilowaambia wenzake wageukie. Lilikuwa hewani, juu ya maji kwa kimo cha mtoto wa shule, na nyigu walikuwa wamejenga kwenye mdomo wake. Aliyafanya maji kuwa kazi yake kwa miaka mingi maabarani, akipima hiki na kile. Hakuhitaji kuelezwa. Maji yakishuka chini ya bomba, birika halipati hata tone. Mwaka jana pia walikuwa wamegeukia pale.

Ruth alikuwa amemfuata na kikombe cha chai.

"Ng'ombe wako wapi?" Wangila akamuuliza.

"Isinya, kwa kisima cha kanisa. Wanaondoka alfajiri, wanarudi jioni."

"Tangu lini?"

"Safari hii tangu kabla ya Krismasi. Mwaka jana ilikuwa muda kidogo."

"Na wanapita hapa? Karibu na waya?"

"Watapita wapi, Mwenyekiti? Njia ni hii."

Wangila alishika kikombe bila kunywa. "Mbona hamkuniambia?"

"Nani angekuambia? Baba alitoa. Mtu hatoi kitu halafu anakwenda kukililia. Mwaka jana Kakuta alimwambia, baba, sema na hao watu. Hawakuongea mwezi mzima."

"Lakini mimi nakuja kwake kila mwaka. Ananiuliza."

"Anakuuliza mashua zimefika. Unamwambia zimefika."

Upepo ulipeperusha bendera mpya. Chini, Opiyo alikuwa akimfundisha Kakuta mahali pa kukalia, na Kakuta alikaa pengine.

"Nikimwambia leo achukue?" Wangila akasema. "Niende pale nimwambie, papai, chukua maji yako."

"Mbele ya watu? Atakataa. Atasema hajawahi kumfukuza mgeni. Na akishakataa, hataweza kukubali tena." Ruth alichukua kikombe kilichojaa kutoka mkononi mwake. "Mimi sijasema kitu. Umeniuliza ng'ombe wako wapi, nimekuambia."

Aliteremka akielekea kwenye nafasi yake ya filimbi.

Wangila alishuka nyuma yake. Alivaa jaketi. Alimsaidia Jentrix kupanda, akaisukuma mashua mpaka maji yakamfikia magotini, akapanda. Hakuna aliyeona tofauti, na huenda haikuwepo. Mikono yake ilijua kazi yake. Tanga lilijaa, chombo kikaanza kuteleza, na ule mtumbwi wa upande wa Jentrix ukainuka kidogo kutoka majini, akaegemea nje kwa uzoefu, akiwa ameshika skafu yake kwa mkono mmoja.

Wangila alifikiria mwaka mmoja tu. Mwaka mmoja zaidi si kitu, mvua ya Machi ingekuja, maji yangepanda mpaka kwenye bomba, na mambo yangejiweka sawa yenyewe. Aliifikiria hesabu hiyo kwa utulivu, na ilikuwa hesabu nzuri. Alikuwa ameifanya mwaka jana pia, wakati wa kutafuta mashua, bila kujua kwamba kulikuwa na ng'ombe ndani yake. Kisha akafikiri juu ya Jumatatu, sokoni, watu wakimwita, na yeye akigeuka kuitika.

Mashua tatu zilijipanga kwenye mstari, pua zikitikisika. Opiyo alikuwa peke yake, mzito na mwenye hasira njema. Maundu alikuwa akimwambia Kakuta kitu kwa sauti ya chini, na Kakuta alikuwa ameshika waya kwa mikono yote miwili na kufumba macho. Pale ukingoni Ruth aliinua filimbi. Mzee Simel alikuwa ameketi wima. Hakutazama mashua. Alitazama njia ya Isinya.

Wangila aliifungua kamba ya tanga, akaiachia. Tanga liliporomoka mlingotini, likamfunika Jentrix nusu.

"Tanga limeanguka," Jentrix alisema kutoka chini yake.

"Nimeliangusha."

"Kwa nini?"

"Ng'ombe."

Jentrix alijitoa kwenye kitambaa, akaweka skafu yake sawa, akamtazama. Mashua yao ilikuwa inarudi nyuma ya mstari taratibu, ikisukumwa na upepo upande upande. "Ungeniambia kabla sijalowa," alisema.

"Mwenyekiti! Unafanya nini?" Opiyo alipaza sauti. "Simamisha tanga, filimbi inalia!"

"Endeleeni," Wangila alimjibu. "Yangu iko na shida."

Ruth alikuwa na filimbi mdomoni. Alimtazama baba mkwe wake. Mzee alikuwa bado anatazama njia ya Isinya. Ruth akaipuliza.

Mbili zikaondoka. Opiyo alitangulia tangu mwanzo, tumbo lake likiwa kazini. Maundu na Kakuta walifika karibu na bomba kwa kasi nzuri, wakageuka vibaya, na mtumbwi mmoja ukapanda juu, juu, mpaka mlingoti ukalala majini. Kwa muda kidogo hakuna kilichoonekana ila tanga jekundu kwa manjano lenye namba ya meza ya wazee. Halafu Kakuta akasimama. Maji yalimfika mapajani. Alitazama pande zote kama mtu aliyeamshwa kanisani, akamwinua Maundu kwa mkanda wa jaketi, na wote wawili wakatembea mpaka ukingoni.

Wangila aliiburuta mashua yake mpaka kwenye matope makavu, akaenda kwenye kiti cha mzee. Aliinamisha kichwa kidogo.

"Papai, leo mashua zilikuwa mbili."

"Nimeziona," Simel alisema.

"Yangu ilikuwa na shida."

"Mashua huwa na shida."

Ruth alimimina chai. Mzee alimwonyesha kwa kidevu ampe Wangila kwanza, na Wangila akapewa kikombe, akanywa mpaka mwisho ingawa kilikuwa cha moto sana. Mzee aliuliza binti wa Wangila, Sheryl, anasoma wapi siku hizi. Akamwambia. Mzee akauliza kama chuo hicho kina maji. Akamwambia kina maji ya mfereji. Mzee akasema hiyo ni nzuri.

Baada ya hapo Simel alimwita Kakuta, aliyekuwa akikamua koti la suti, akamwambia jambo kwa Kimaasai, jambo fupi. Kakuta alimtazama baba yake, kisha akamtazama Wangila. Akaacha koti juu ya jiwe, akaenda kwenye waya, akaanza kuufungua kwenye nguzo. Wangila aliweka kikombe chini, akaenda kumsaidia. Waya ulikuwa na kutu, uliwachana vidole. Kwenye nguzo ya mwisho Kakuta alisema, "Pole, Mwenyekiti," na Wangila akasema ahsante.

Wakati ng'ombe walipotokea kwenye njia ya Isinya, wanachama watatu walikuwa wamekwisha kuteremsha milingoti na walikuwa wakifunga matanga. Wachungaji waliona waya haupo, wakapigiana miluzi. Ng'ombe walishuka kwa vumbi jingi, wakafika pale waya ulipokuwa, wakasimama. Walisimama mstari mmoja, pua mbele, kana kwamba waya ulikuwa bado upo, na maji yalikuwa pale pale. Ilibidi wapigwe fimbo. Ndama mmoja akaingia kwanza, kisha wengine wakafuata wote kwa pamoja, na bwawa likawa kahawia.

Opiyo alikuwa bado amevaa jaketi lake. "Kwa hivyo kikombe ni changu," alisema.

"Hakukuwa na mbio," alisema Wangila.

"Nilifika wa kwanza."

"Zilikuwa mbili, Opiyo. Hakukuwa na mbio."

"Nilifunga duka. Niliamsha kuku. Huyu Mkamba alianguka mbele ya macho yenu wote." Alimtazama Maundu. "Na wewe, ile maneno ya tumbo, utarudia?"

"Maneno gani ya tumbo?" Maundu akauliza.

"Shika huko mbele," Wangila alimwambia Opiyo. "Tuinue."

Waliinua mashua ya kwanza mabegani kuipeleka kwenye pikapu la Maundu. Njia ilikuwa imejaa ng'ombe waliokuwa bado wanashuka, na Jentrix alikuwa amesimama upande wa pili na viatu vyake mkononi. Ikabidi wasimame pale na mzigo wao, wangoje wapite.